Eda Juu ya Tanuri

Ijumaa, 11 Machi 1966

Basi nlikuwa nshafika pale pa sabuni, Hawabai, siku ile mumeo Hasan alipokukata maneno akakushusha ngazi mbio, ati meli haingoji mtu. Nkabaki dirishani mdomo wazi na hadithi yangu nusu. Leo namalizia. Sina wa kumwambia mwengine. Mwenzio nimo edani tangu alipokufa mume wangu Ame, mlango sitoki, na dirisha lako hapo ng'ambo ya kichochoro limepigwa misumari. Mwanangu Tabia kanipa daftari lake la skuli la mwaka jana, kurasa za nyuma ziko tupu. Mwandiko wangu unaujua, kama kuku kapita na tope. Lakini wewe hutousoma, basi aibu ya nini.

Sabuni. Muhiddin, huyu shemeji yangu, ndugu yake marehemu, alipokinunua kiwanda cha Champsi pale Mlandege, jina la Champsi hakulifuta. Alifute ana wazimu? Watu wanataka sabuni ya Champsi. Muhuri ule ule, mche ule ule wa njano. Lakini ndani sasa! Mafuta ya nazi akayaona ghali, akachanganya na sifa. Yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini, ukipita karibu unaziba pua. Mji mzima tukafua nguo kwa papa. Mie nkaenda harusini Malindi na kanga zangu mpya, nkakaa nkajinyoosha, paka wakanifuata mpaka ndani ukumbini. Wallahi vile.

Na watu walipoanza kunong'ona, mwenyewe kiwanda kashakiuza. Kawauzia ndugu wawili wa Makunduchi, masikini, walouza minazi yao kuja kuwa matajiri wa mjini. Sabuni ikawafia mkononi. Yeye pesa zile kafungua duka la dobi Darajani, anapita akisema, "Tunatoa harufu zote." Harufu katia yeye, na kuitoa anatoza yeye! Nlicheka mpaka nkakaa chini. Nkamwambia marehemu, "Nduguyo ana akili ya shetani." Marehemu akasema, "Unga umebaki magunia mangapi?"

Ndivyo alivyokuwa, Mungu amrehemu. Umri wake wote tanuri moja la mikate, boflo moja, neno moja.

Jumatatu, 14 Machi

Mvua. Nguo nyeupe hazikauki. Nnanuka kama kitambaa cha kufutia sahani, na udi hauruhusiwi.

Ijumaa, 18 Machi

Muhiddin kaja. Kakaa nje ya pazia, mie ndani, kama sharia. Kikohozi kwanza, halafu sauti ya asali.

"Shemeji, Mungu akupe subira."

"Amin."

"Tanuri usilifikirie. Kizuka aliyemo edani kazi yake ni ibada. Biashara niachie mie, ukitoka eda tutagawa mirathi kwa kadhi."

Hebu nkueleze mirathi hii, maana ndiyo inayonkosesha usingizi. Nyumba hii na tanuri lake huko chini ndio mali yote aloacha Ame. Mie mke, fungu langu thumuni, moja ya nane. Tabia ni binti, nusu yake. Na kinachobaki ni cha Muhiddin, kwa sababu hatukujaaliwa mtoto wa kiume. Angekuwepo wa kiume, ami mtu angekwenda kwao na kanzu yake tu. Sasa mwenye fungu ndani ya nyumba ana mguu ndani ya nyumba, na mguu wa Muhiddin mie naujua. Ukishaingia, wenyewe hutoka.

Lakini nkasema labda nnamdhania vibaya. Nasikia yule alilia sana makaburini.

Alhamisi, 24 Machi

Nnaona aibu kukwambia hili, lakini ntakwambia. Kile kiwanda chenu cha soda, alichokinunua Muhiddin kwa mumeo siku mlizokuwa mnafunga mizigo, soda zake Tabia kaniletea moja. Nkasema ninywe nimkumbuke shoga yangu. Nkasukuma gololi ya mdomo wa chupa, nkanywa funda moja. Ladha ya mtaro! Nkainyanyua kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na mguu wa mende, Hawabai. Mguu tu. Mende mwenyewe sijui kanywewa na nani.

Jecha, fundi wetu wa mikate, anasema chupa siku hizi zinaoshwa kwa maji ya mvua yanayoteremka barabarani. Na soda pia Muhiddin yuko mbioni kuiuza. Akishaitia kinyaa, huiuza. Kila kitu hukinunua kizima, hukikamua, akakiuza kabla hakijaanza kunuka kwa watu. Nlikuwa nkiona ni ufundi. Siku hizi nkikumbuka naona mate ya kichefuchefu yananijaa.

Ijumaa, 1 Aprili

Iddi kubwa. Watu wamevaa, mie nimevaa shuka. Nimekula nyama peke yangu.

Jumamosi, 9 Aprili

Mikate imeharibika. Mie naijua kwa harufu, nnalala juu ya tanuri tangu niolewe. Alfajiri boflo ikiiva hupanda harufu tamu mpaka kitandani. Sasa inapanda harufu nyengine. Nkamwita Jecha aje chini ya dirisha.

"Jecha, mwanangu, mnapika nini humo?"

"Mikate, Bi Mwanapili."

"Mikate ya nini?"

Akatazama nyuma yake, akasema: "Bwana Muhiddin kaleta mapipa. Maji ya kukandia tunatia humo."

"Mapipa ya wapi?"

"Yale ya kiwanda cha sabuni."

Astaghfirullah! Mapipa yale yalikuwa ya sifa! Na hayo si yote. Mkate uliolala hauuzwi kwa bei ya chini kama alivyokuwa akifanya Ame. Unarowekwa, unachanganywa na unga mpya, unarudi tanurini. Jecha anasema kuna mkate unarudi wiki nzima, yeye kashaanza kuujua kwa sura.

Na jirani zangu, wale wale walokuwa wakisema Ame bahili, wanapita chini wakiniitia, "Bi Mwanapili una bahati, shemeji kasimama kama mume!" Wanakula mkate wa papa na kusifu. Mdomo mtamu, pua hawana. Mimi nawapenda watu wa mtaa wangu, lakini mwaka huu wananichafua roho.

Jumanne, 12 Aprili

Mvua. Biasha kaja, kaondoka.

Jumatano, 20 Aprili

Sikukwambia habari za Biasha. Mke wa Muhiddin huyu, unamjua, mrefu, haongei. Miaka yote tumeamkiana kwa pua. Sasa anakuja kila baada ya siku mbili na bakuli la kitu, anakaa hapo kwenye mkeka, anatazama. Nkamwambia Tabia, "Huyo katumwa na mumewe kunchungulia." Basi kila akija mie nnazungumza habari za mvua. Mvua, mvua, mpaka mwenyewe nachoka.

Alikuja adhuhuri moja wiki ilopita, ikaadhiniwa, akatandika mswala. Akasema, "Husali?" Nkamwambia, "Leo nimepumzika." Akanitazama. Akasali peke yake. Mambo ya wanawake, hayana maelezo.

Jumapili, 24 Aprili

Leo nimetapika roho.

Asubuhi Biasha kaja na siniya, kitambaa juu. Kasema, "Mume wangu kakuletea, ati uonje kazi yake." Nkafunua. Boflo, imepakwa samli juu inang'ara. Nkaikata. Mvuke ukanipiga usoni: papa, mende, mtaro, kiwanda cha Champsi, mkate wa wiki nzima, vyote kwa mara moja. Nkanyanyuka mbio. Sikuwahi choo. Karai la kukogea ndilo lililoniokoa.

Nlitapika, Hawabai, mpaka nyongo. Nimejishika ukutani, machozi yananitoka, nnasema, "Nipe limau, nipe limau ninuse." Na mke wa Nahodha muuza kahawa alikuwa ngazini anakuja kunizuru. Alinkuta vile. Akasimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Ee Mwanapili! Tangu lini?"

Nkamwambia, "Tangu asubuhi."

Akamtazama Biasha. Biasha akatazama dari. Mke wa Nahodha akageuka, viatu havikumaliza kuvaliwa, kashateremka.

Mie sikufahamu bado, wallahi. Nlikuwa nnafikiri karai nani ataliosha.

Biasha akafunga mlango. Ndipo akasema, na ndio mara ya kwanza nimsikie akisema zaidi ya maneno matatu. "Mwanapili, sikiliza. Nyumba hii kashaiahidi kuiuza. Mzee Usi wa Bububu anaitaka iwe ghala la mbata. Ukitoka eda tu, gari linakuja kuvunja tanuri."

"Na mie na mwanangu?"

"Wewe anakuoa. Kasema nyumbani kwangu, mbele yangu, kama anasema bei ya tende. Akikuoa anashika fungu lako, na la Tabia atalisimamia yeye kama ami."

Nkakaa juu ya kitanda. Nyumba hii, Hawabai! Tanuri lile Ame alilijenga upya kwa mikono yake mwaka wa gharika, alikuwa akigonga kila tofali na kusikiliza kama mtu anayenunua nazi. Nkimcheka. Nkimwambia mwenzio Muhiddin ana kampuni nne, wewe unabembeleza tofali.

"Kwa nini unaniambia?" nkamuuliza Biasha.

"Kwa sababu mimi kila alichouza nlikuwa nimeshakizoea," akasema. "Nlikuwa nikipika kwa mafuta ya nazi ya kiwanda kile cha sabuni kilipokuwa kizuri. Nlikuwa na kiti changu pale dobi. Ananunua, nazoea, anauza. Sasa nimechoka kuzoea."

Halafu akasema, "Yule mke wa Nahodha sasa yuko Mlandege. Adhuhuri yuko Darajani. Unajua anasema nini?"

Ndipo nkafahamu: mimba! Nkasema, "Toba! Mwanamke mzima mie! Na wewe unajua, wewe ulinkuta wiki ile sijasali!"

"Mie najua," akasema Biasha. "Lakini wanaume hawahesabu mambo hayo."

Tukatazamana. Nkaanza kucheka na bado nanuka matapishi.

Jumatatu, 25 Aprili

Watu kumi na zaidi wamekuja kunizuru. Malimau yamejaa bakuli. Hakuna hata mmoja alouliza kwa mdomo. Wanatazama tumbo, wanasema, "Mungu hamsahau mja wake." Nami naitika amin, maana hilo ni kweli.

Alhamisi, 28 Aprili

Mie, mtu niliyeambiwa na marehemu kwamba nkifunga mdomo kuna mtu kafa, sijasema neno siku hizi zote. Kuna raha yake. Kama kushika ubuyu mdomoni usiutafune.

Jumatano, 4 Mei

Kaja Muhiddin. Pazia, kikohozi. Asali imepungua.

"Shemeji, nasikia huna hali nzuri."

"Nashukuru Mungu."

"Nini kinakusumbua?"

"Harufu," nkasema. "Harufu ya mkate, shemeji. Nkiisikia tu natapika." Neno la kweli, sikuongeza kitu.

Nlisikia anatafuna kidole, tabia yake tangu kijana.

"Na mirathi..." akasema.

"Si umesema kizuka kazi yake ibada?"

Akaondoka bila kuaga. Chini nkamsikia anamtukana Jecha.

Jumamosi, 14 Mei

Mvua kubwa usiku kucha, kichochoro mto. Mzee Usi kapeleka habari haitaki nyumba. Kasema hanunui kitu ambacho labda mwenyewe hajazaliwa. Maalim wa msikitini naye kamwambia Muhiddin kwamba kama kuna mimba, mirathi haikatwi mpaka azaliwe, na akiwa wa kiume, ami hana fungu. Habari hizi mke wa Nahodha kanipandia nazo, kalowa chapachapa, kanikumbatia analia. Siku zote nlimwona mdaku tu. Kumbe ananipenda, masikini. Roho ikaniuma kidogo kwa ajili yake.

Jumanne, 24 Mei

Leo ndio siku ya kinyaa kuliko zote. Mguu wa mende haukufika hapa.

Biasha kaja mikono mitupu. Nasema mitupu, Hawabai. Zile bangili zake za dhahabu alizoolewa nazo, zile tulizokuwa tukizisikia kabla hatujamuona, hana.

"Ziko wapi?"

"Kazichukua."

"Kakunyang'anya?"

"Hapana. Nimenunua."

Nkamshika mikono, maskini imebaki alama nyeupe. Akanieleza polepole kama anasuka ukili. Muhiddin tangu yule Mzee Usi ajitoe hakulala. Fungu lake la tanuri aliliona linamwozea mkononi. Akalitembeza Darajani, hakuna anayelitaka, mji mzima wanasubiri mtoto wa Ame. Na kuna gari ya abiria ya Bububu inauzwa, anaitaka, hana pesa, soda imemgeuka. Basi juzi akamgeukia mkewe. Akamwambia, "Biasha, nimekufikiria. Wewe huna kitu chako mwenyewe. Nikuuzie fungu langu la tanuri, uwe tajiri kama mimi. Nipe zile bangili tu."

"Akasema hivyo? Kwako?"

"Akanipapasa na kichwa."

Anajua, kwa akili yake, kwamba fungu lile ni bure. Mtoto wa kiume akizaliwa halipo. Watu wa Makunduchi alikuwa hawajui, waliuza minazi yao, wakalia, yeye hakuwaona wakilia. Lakini huyu analala naye! Mama wa wanawe! Kamtazama usoni kamuuzia kitu anachoamini kimeoza, akamvua dhahabu ya mahari yake, na kumpapasa kichwa. Mie nlipokuwa nkimcheka yule mtu miaka yote, nlikuwa nkicheka nini? Nlitema mate dirishani, na nlikuwa sijala kitu.

"Wewe ukasema nini?"

"Nikasema nataka mbele ya maalim, na mashahidi. Akaona nachezea ukubwa. Tulikwenda jana. Maalim kamuuliza mara tatu, umeuza kwa hiari? Kasema nimeuza."

Halafu Biasha akacheka. Sijapata kumsikia. Kicheko chake kama cha mtu aliyekwamwa na mfupa.

Jumatano, 25 Mei

Fungu la Muhiddin sasa ni la Biasha: Jecha kapasua mapipa, kuni. Yanawaka vizuri, sifa ile. Kapika kwa maji ya bomba. Sijali mvua.

Alhamisi, 2 Juni

Gari ya Bububu imezama tope nje ya mji, injini imekufa. Muhiddin anatafuta mtu wa kumuuzia.

Jumamosi, 11 Juni

Mvua inakatika. Watu wananitazama tumbo na kunyamaza. Mke wa Nahodha kasema, "Labda ilikuwa hewa." Nkamwambia, "Labda." Akanishika mkono, akasema Mungu ataleta nyengine, halafu akakumbuka mimi mjane, tukacheka wote wawili.

Jumanne, 14 Juni

Leo natoka eda. Biasha kanikogesha, kanisinga liwa, kanitia udi mpaka nikakohoa. Nimevaa kanga mpya. Nimejitazama kwenye kioo cha Ame: tumbo limeingia ndani kama sahani. Tabia kanivalisha pete. Harufu ya boflo inapanda, ile tamu, ya siku zote. Nimekaa kitandani nnainusa na nnalia, na si huzuni, au ni huzuni lakini nyengine. Yule mtu wa neno moja. Magunia mangapi, magunia mangapi. Alikuwa akiuliza kitu cha maana, mie ndiye nliyekuwa sisikii.

Nlitaka kukwambia tumekubaliana vipi na Biasha. Yeye atakuwa dukani, kwa sababu hasemi, watu hawatokopa. Mie ntakuwa kwenye unga. Na lile dirisha lako nshamwambia Jecha, akipata nafasi apande ang'oe mis

Hee! Kelele chini. Muhiddin huyo, kashasikia nimetoka nimenyooka kama mshumaa. Anapiga mlango kwa ngumi, "Iko wapi mimba? Nirudishieni fungu langu!" Mtaa mzima uko nje. Na Biasha ananiita, sauti yake leo kubwa ajabu:

"Mwanapili! Teremka! Kaja na maalim yule yule aliyemuuliza mara tatu, atushitaki kwake, na maalim hawezi kusema kwa kucheka!"

Naam! Nateremka! Hawabai, ngoja hapo hapo dirishani.